Zamio ya Mama Joëlle

Jumatano, 29 Januari 2025

Mvua tangu alfajiri. Sikufungua cherehani. Kibarazani kwangu maji yanaingia upande wa barabara, na kitambaa cha mteja kikilowa ni juu yangu.

Redio inasema Goma imeingia mikononi mwa waasi. Jirani yangu Anne yuko huko. Aliondoka hapa Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu, mara baada ya Mwaka Mpya, akapanda ndege kwenda kumsaidia binti yake Joëlle aliyekuwa karibu kujifungua. Sasa uwanja wa ndege umefungwa. Nampigia simu tangu juzi, na yule mwanamke wa mashine ananijibu kwa Kifaransa kwamba mtu wangu hapatikani.

Mume wake, Edouard, au Papa Joëlle kama tunavyomwita, nilimwona kupitia ua wa mianzi, amesimama na redio sikioni. Nilimwamkia. Akaitika, "Ee, Mama Hawa," akaingia ndani. Ndivyo tulivyo mimi na yeye kwa zaidi ya miaka ishirini, salamu tu. Anne ni rafiki yangu. Edouard ni mume wa Anne.

Ijumaa, 31 Januari

Mvua. Simu bado.

Jumapili, 2 Februari

Kwenye kibaraza cha Anne kuna mmea wake wa chungu, ule anaouita zamio. Ni mmea wa ndani ya nyumba. Mashina yake manene yanatoka udongoni kama vidole, na majani yamepangwa pande mbili, yanang'aa kama yamepakwa mawese. Unakaa kivulini, hauombi kitu. Anne aliumwagia maji siku alipokumbuka, na hakukumbuka mara nyingi.

Leo Edouard ameumwagia kikombe kizima asubuhi. Alipotoka misani akamwaga kingine. Jioni tena. Na mvua nayo inaurushia. Nilitaka kusema, kisha nikajiambia mmea si wangu.

Jumanne, 4 Februari

Yuko hai! Namba nisiyoijua, saa ya chakula cha mchana. Sauti ya Anne, mbali sana, na nyuma yake watoto wanalia.

"Mama Hawa, tuko wazima. Joëlle amezaa, mutoto mwanamuke. Tuko ndani ya kanisa, bantu ni wengi. Umwambie Papa Joëlle asi..."

Ikakatika. Anne ananipigia mimi kwa sababu simu ya Edouard iliingia maji mwezi wa Desemba na fundi hajaiweza.

Nilikimbia bila viatu. Edouard alikuwa na kikombe mkononi. Nilipomweleza, aliketi kwenye ngazi kama mtu aliyekatwa miguu. Ametumikia reli maisha yake yote, ni mtu wa kusimama wima. Sijawahi kumwona ameketi chini namna ile.

"Asi nini?" aliuliza.

"Ilikatika pale."

"Asi nini, Mama Hawa?"

Akainuka, akaumwagia mmea maji yaliyobaki kikombeni.

Alhamisi, 6 Februari

Ile namba haiiti tena. Nimeshona sare mbili za kwaya na kukosea mikono yote.

Jumapili, 9 Februari

Edouard amepiga hodi kwangu. Edouard! Amebeba chungu kifuani kama mtu anayempeleka mtoto hospitali.

"Mama Hawa, angalia hii kintu. Iko nakufa."

Nikaangalia. Majani ya chini yamekuwa manjano, mashina mawili yamelala. Niliposhika shina moja, lilibonyea vidoleni, laini, na harufu ikanipanda puani kama ya mihogo iliyosahauliwa mtoni.

"Unaipa maji mara ngapi?"

"Asubui na magaribi. Na saa sita, kama jua iko kali."

"Jua gani, Papa Joëlle? Wiki nzima hatujaona jua."

Akafuta tope ukingoni mwa chungu. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Akirudi atakuta nini? Nyumba nimefagia. Kuku nimelisha. Hii moja tu nimeshindwa."

Nilimwambia aache chungu pale, arudi kesho asubuhi na kisu. Alipokwenda nilijikuta nimemkasirikia, na sikujua kwa nini. Labda kwa sababu alikuja.

Jumatatu, 10 Februari

Leo sikushona hata uzi mmoja.

Asubuhi nilipitia kwa Mamy, yule anayeuza miche karibu na soko, nikamwonyesha jani la manjano. Akacheka kidogo. "Hiyo kintu inaficha maji yake chini, ndani ya viazi. Muliipa maji juu ya maji. Mutoe, mukate yote yenye imeoza, muache ikauke, mupande ndani ya muchanga. Na musiipe maji mupaka niseme." Nikamwambia atakayesema ni mimi.

Tulitandika kiroba kwenye kibaraza changu. Mvua ilikuwa imepumzika. Edouard alishika mashina kwa chini, mimi nikapigapiga chungu kando. Haukutoka. Chungu, kile cha plastiki, kilikuwa kimevimba upande mmoja, viazi vimekisukuma kutoka ndani. Nikakichana kwa kisu kutoka juu hadi chini, na vyote vikaanguka pamoja: udongo mweusi wa tope, maji, na harufu ile. Matundu ya chini yalikuwa yamezibwa na mizizi iliyojizungusha kama uzi kwenye bobini. Maji ya Edouard hayakuwa na pa kutokea.

Sikujua kwamba mmea una vitu hivyo chini. Viazi vya mviringo, vikubwa kama ngumi ya mtoto, vimeshikana. Vingine vyeupe na vigumu. Vingine vya kahawia, ukivigusa vinakuwa uji.

"Kata," nikamwambia.

"Ukate wewe."

"Mmea ni wa mke wako."

Alikata. Kidogo kidogo, vizuri, mpaka alipokuta nyama nyeupe. Kila kiazi kilichooza alikiweka kando kwa adabu, hakukitupa. Mashina mengi yalikwenda na uozo. Mwishoni kwenye kiroba vilibaki viazi vinne vizima, viwili vikiwa bado na shina, na majani machache mabichi.

Kisha akajifuta uso kwa mkono ule ule wenye utomvu. Akaruka! Utomvu wa zamio unawasha kama pilipili. Nilimshika kichwa, nikammwagia maji ya birika jichoni, yeye anasema "acha, acha," mimi nasema "tulia." Jicho lilikuwa jekundu, linatiririka.

Baada ya muda nikaona la pili nalo linatiririka.

"Ni utomvu," akasema.

"Najua," nikasema.

Jicho lile hakuwa ameligusa.

Jumatano, 12 Februari

Viazi vimekauka pale vilipokatwa, vimefanya ngozi. Tumepanda. Edouard alileta mchanga wa mto kutoka kwa mafundi wanaojenga nyumba ya jirani, mimi nikachukua udongo kidogo chini ya migomba yangu. Tukachanganya na maganda ya mpunga ya kinu na vumbi la makaa. Ndoo mbili fupi za rangi, chini tumetoboa matundu kwa msumari wa moto. Ndoo zinakaa kwangu, ambako mvua haifiki. Nimemwambia ni kwa sababu ya mvua, lakini ni kwa sababu ya kikombe chake.

Alhamisi, 13 Februari

Alikuja asubuhi. "Leo?"

"Leo hapana. Bado."

Ijumaa, 14 Februari

"Leo?"

"Bado, Papa Joëlle."

Jumapili, 16 Februari

Bukavu nayo imechukuliwa. Watu wamesimama barabarani wanazungumza kwa sauti ya chini. Nimeona wanawake wakinunua chumvi na mafuta zaidi ya kawaida, na hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini.

Siku kama hizi mtu wa Kindu anakumbuka hata kama hataki. Mwaka 2002 mji wetu ulizingirwa. Askari wa waasi wa wakati ule walikuwa ndani, wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa nje msituni, na sisi katikati. Treni haikuja, boti hazikupita, shambani hakuendeki. Tulikula majani ya viazi, kisha mizizi ya mipapai. Abedi, mume wangu, alivuka mto kwa mtumbwi kwenda upande wa Alunguli kutafuta mihogo. Hakurudi. Hakuna aliyeniletea habari yake. Sikuona maiti, sikuona kaburi.

Kila asubuhi nilikwenda kusimama kivukoni. Hawa wangu alikuwa mdogo, na Djuma bado ananyonya. Niliwaacha kwa Anne. Siku moja Edouard akanikuta pale, akasema mbele za watu, kwa sauti ya mtu anayefukuza mbuzi, "Mama Hawa, usingoje tena. Rudi kwako." Basi. Nyuma yangu watu wakacheka.

Nilirudi. Sikumsemesha tena zaidi ya salamu. Nilimpenda Anne nikamwacha mume wake upande wa pili wa ua, na Anne hakuniuliza kamwe.

Leo amekuja tena kuuliza "Leo?" na nimejiona nikimwangalia mikono. Ana kovu la utomvu kwenye kidole.

Jumamosi, 22 Februari

Bado hakuna simu. Jani moja limeanguka.

"Leo?" "Bado."

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia. Nilipika uji wa mchele na samaki wa Lokandu. Jioni nilimwona Edouard ameketi peke yake na sahani ya bugali bila kitoweo. Nikampelekea bakuli. Akasema, "Mimi si wa kufunga." Nikasema, "Mimi si wa kula peke yangu." Tangu Hawa aolewe Kisangani na Djuma aende Lubumbashi, nyumba yangu ni kubwa kuliko sauti yangu.

Jumatano, 5 Machi

Edouard ametoka kanisani na majivu kwenye paji la uso. Kwaresima yao na mfungo wetu vimekutana. "Basi sasa mimi pia nafunga," akasema, akaketi kwenye mkeka wangu kungoja magharibi. Alileta ndizi.

Leo nimemruhusu maji. Kikombe nusu kwa ndoo zote mbili. Alimwaga kama mtu anayetia dawa jichoni.

Jumatatu, 10 Machi

"Leo?" "Hapana."

Mvua kubwa. Ua wa mianzi kati yetu umeanguka. Hakuna aliyeusimamisha.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nilisikia pikipiki. Kasimu, kijana wa pikipiki anayepeleka watu Punia, alikuwa anafunga begi nyuma ya kiti. Begi la Edouard. Mwenyewe amevaa koti lake la zamani la reli na buti za mvua.

"Mama Hawa, uniangalilie zamio."

"Unaenda wapi?"

"Punia. Kisha Walikale. Kisha nitaona."

"Utaona nini? Barabara ya Walikale ina bunduki kila upande. Papa Joëlle, uko na tansio ya damu, uko na miaka yako. Ukianguka porini nani atakuokota?"

"Na Anne akianguka, nani atamuokota?"

Kasimu alijifanya anatengeneza cheni.

"Wewe," Edouard akasema, "wewe ulisimama kwenye mto bila kula."

"Na wewe ulinifukuza pale."

Ndiyo mara ya kwanza kuitaja siku ile. Ilitoka yenyewe. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kukufukuza? Mama Hawa, ulikuwa hauoni? Askari walikuwa nyuma yako. Jana yake walimukamata mwanamuke moja palepale, wanasema kila muntu anayesimama kivukoni analetea Mai-Mai habari. Yule mwanamuke hakurudi. Mimi niko natoka kwetu, Hawa amenishika suruali, ananiuliza mama yangu iko wapi. Ningekuambia nini mbele yao? Nilisema vile wanaume wanasema na wanawake wapumbavu, wacheke, wakuache uende. Na walicheka."

Nilisimama na mkono kwenye nguzo ya mlango. Kicheko kile nilikikumbuka. Miaka yote hii nilidhani ni majirani walionicheka.

"Kwa nini hukuniambia baadaye?"

"Ulikuwa haunisemeshi."

Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayeeleza kwa nini hakuleta kitu: duka lilikuwa limefungwa.

Nilitaka kumwambia asiende. Lakini najua asubuhi zile za mtoni, najua kwamba mtu hazuiwi kwa maneno. Nikaingia ndani, nikamfungia mkate na mayai ya kuchemsha, nikamwekea vidonge vyake kwenye kitambaa. Nikamwambia Kasimu kwamba asipomrudisha mzee huyu salama, pikipiki yake nitaishona na cherehani. Kasimu akasema, "Sawa, mama," na hakucheka.

Wakaondoka. Sikupika kitu leo. Nilifuturu kwa maji.

Jumapili, 16 Machi

Nimejikuta nimesimama mbele ya ndoo nikisema "Leo?" kwa sauti.

Jumatano, 19 Machi

Simu, namba ya nchi nyingine. Anne! Sauti safi safari hii.

Waliondoka Goma kwa basi, wakavuka mpaka, wako Uganda kwa ndugu za mume wa Joëlle. Mtoto anaitwa Falone, ananyonya vizuri. Alizungumza haraka, kama anayeogopa kukatwa tena, kisha akauliza: "Papa Joëlle iko wapi? Munipe yeye."

Nikaangalia kibaraza chao kitupu.

"Mama Hawa?"

"Hayuko hapa, Anne. Amekwenda kukutafuta. Kupitia Punia."

Nikasikia mtoto mchanga akipiga chafya.

"Siku ile simu ilikatika," akasema Anne polepole, "nilikuwa naomba umwambie asije kunitafuta."

Alianza kulia, nami nikalia. Tulilia kwenye simu kama wajinga, na vocha ni yake. Nilimwahidi nitampata. Sijui nitampataje. Nimewaomba waendesha pikipiki wote wa barabara ya Punia: mzee mwenye koti la reli, akionekana, aambiwe mke wake yuko hai, yuko salama, arudi.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna. Mvua. Wanasema lori limezama kwenye tope kabla ya Punia na hakuna kinachopita.

Jumapili, 23 Machi

Hakuna. Anne anapiga asubuhi na jioni. Sasa ni mimi ninayemwambia "bado."

Jumanne, 25 Machi

Edouard amerudishwa. Kasimu alimfunga mgongoni kwake kwa kitenge, kama mama na mtoto, ili asianguke, maana homa ilikuwa imemshika. Buti moja imepotea. Miguu imevimba. Tulimlaza kwangu, kwenye kitanda cha Djuma.

Walifika Punia. Wakakaa kule barabarani, ambako watu wanaokimbia Walikale walikuwa wakipita kwa miguu. Kasimu anasema mzee alisimama kwenye mvua akimuuliza kila mtu: "Umeona mwanamuke anaitwa Anne, mufupi, anacheka sana?" Kila mtu. Waliokuwa na magodoro kichwani, wenye mbuzi, watoto. Kasimu alitaka kumrudisha kwa nguvu. Akakataa mpaka miguu yenyewe ilipokataa.

"Ujumbe wangu haukuwafikia?"

"Ujumbe gani, mama?"

Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Papa Joëlle. Anne yuko Uganda. Na Joëlle, na mtoto. Wako wazima. Alipiga simu."

Alifungua macho. Nilidhani hakusikia.

"Asi nini?" akauliza.

"Usije kumtafuta. Hilo ndilo alitaka kusema."

Midomo imepasuka kwa homa. "Basi," akasema, "amechelewa kusema."

Jioni Anne alipopiga, nilimwekea simu sikioni. Nikatoka nje, nikakaa na ndoo.

Ijumaa, 28 Machi

Homa imeshuka. Amekunywa mchuzi. Ameuliza "Leo?" kutoka kitandani, na ilikuwa siku ya maji kweli. Nilimletea ndoo zote mbili chumbani amwage mwenyewe.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Kwa baraka ya Mungu tumeiona. Pilau ya mchele wa Maniema, kuku wawili. Edouard alikuja na shati lililopigwa pasi na kula sahani mbili. Kasimu naye alikuja, na mke wake Jeanne. Nilikuwa nimesahau kelele za watu wanaokula.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikuwa nafagia nikaona kitu cha kijani kibichi kwenye ndoo ya pili, ile yenye viazi visivyo na shina. Ncha, kama kalamu iliyochongwa. Nilimwita Edouard kwa sauti iliyowatoa majirani nje wakidhani nyumba inaungua.

Alipiga magoti, akaangalia muda mrefu. "Ilikuwa chini wakati wote," akasema. Hakuuliza "Leo?"

Jumamosi, 12 Aprili

Anne anarudi. Joëlle na mtoto wanabaki Uganda mpaka Goma itulie. Anne hataki kungoja. Beni kwa basi, kisha ndege mpaka Kisangani, ambako Hawa wangu atampokea, kisha barabara ya Ubundu, kisha boti. Nilimwambia ni safari ndefu mno. Akasema, "Nimechoka kulala kwa watu."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka yao. Edouard ameniletea nyama. Anne yuko Ubundu, anangoja boti ijae.

Ijumaa, 25 Aprili

Boti imepita Lokandu, wavuvi wamesema.

Jumamosi, 26 Aprili

Tulikwenda bandarini mimi na Edouard. Sikuwa nimesimama kando ya maji yale tangu wakati ule. Mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba magugu. Niliangalia ng'ambo, Alunguli, miti ile ile. Edouard alivua koti akalitandika kwenye jiwe nikae.

Boti haikuja. Tukarudi.

Jumapili, 27 Aprili

Amefika! Boti kubwa ya mbao, magunia, mbuzi, baiskeli, watu juu ya watu, na katikati Anne, kichwa kimefungwa kitambaa nisichokijua. Amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku. Edouard aliingia majini na viatu. Hawakukumbatiana. Alimshika mkono tu, akamvusha ubao, na hakuuachia mkono ule mpaka nyumbani, hata kwenye pikipiki.

Nyumbani Anne alizunguka chumba kwa chumba, akigusa vitu. Mlango. Meza. Sufuria. Kisha Edouard akaenda kwangu, akarudi amebeba ndoo mbili, moja kila mkono, uso umeng'aa kama wa bwana harusi.

"Angalia," akasema. "Ilitaka kufa. Tulikata yenye imeoza. Sasa iko na mutoto."

Anne aliangalia ndoo. Akamwangalia Edouard. Akaniangalia mimi.

"Hii kintu? Bado muko nayo?"

"Hii njo zamio yako!"

"Papa Joëlle, mi sipendi hii zamio. Nilipewa na mukubwa wa shule siku ya pansio, nilipoacha kazi, nikaona haya kuitupa. Nilikuwa naacha ikufe yenyewe, haikufi!"

Nilimwangalia Edouard nikaogopa. Nilifikiria kisu, jicho lile jekundu, kikombe nusu, asubuhi zote zile za "Leo?"

Na Edouard akacheka. Tangu nimjue sijasikia kicheko chake. Ni kicheko chembamba, cha juu, kama cha msichana. Alicheka mpaka akalazimika kuweka ndoo chini. Anne naye akaanza, mkono tumboni. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Basi," Edouard akasema, akijifuta macho, "kama hauipendi, ni yangu."

Akazipeleka ndoo kibarazani, akazipanga upande wa kivuli, akasogeza moja kidogo, akarudi akaisogeza tena.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua, mwishowe. Nimefungua cherehani mapema, nina sare za kwaya za kurekebisha.

Karibu na saa sita nilisikia pikipiki zinapunguza mwendo mbele ya nyumba yao, moja baada ya nyingine, kisha zinapita polepole kama ziko msibani. Nikatoka kuangalia. Edouard alikuwa katikati ya barabara, na koti lake la reli, mkono mmoja juu, kama alivyosimamisha treni za mizigo zamani pale kituoni. Kila pikipiki aliisimamisha, akamwinamia dereva.

"Tafazali, papa," alikuwa anasema. "Pita pole pole. Bibi yangu amelala."

Nikarudi ndani, nikafunika cherehani.